Santuri Ilitoka, Bendi Haikutoka

Mtoto wa kaka yangu anapiga gitaa kwenye hoteli za Mji Mkongwe, na kila jioni ya kazi lazima apige Queen. Hilo halina mjadala. Wageni wametoka kupiga picha Shangani mbele ya nyumba inayotajwa kuwa ndiyo aliyokaa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, wameingia makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 2019, na wakishaagiza chakula wanataka kumsikia Farrokh Bulsara, mtoto aliyezaliwa mji huu tarehe 5 Septemba 1946 na kuondoka na wazazi wake baada ya Mapinduzi. Kijana anawapa wanachotaka. Nyimbo zake mwenyewe huzipiga mwanzoni, watu wakiwa bado wanatafuta viti.

Masika iliyopita, mvua haikatiki na hoteli nusu zimefunga, alikuwa kwangu amekaa kibarazani hana la kufanya. Nikamwekea kwenye simu bendi nyingine ya roki ya miaka ileile ya Queen, ya Wamarekani, inaitwa Big Star. Wimbo wa kwanza aliusikiliza kwa adabu tu. Wa tatu akaiweka chini simu yake. Wa nne ulipokwisha akaurudisha mwanzo, akatega sikio pale gitaa linapoingia, kisha akaniuliza: "Ami, kama walikuwa wazuri hivi, mbona hatuwajui?"

Nikamjibu hawakuwa na bahati. Hapohapo nikajisuta, maana "bahati" ni neno tunalolikimbilia tukichoka kufikiri. Bahati ilikuwamo, sikatai, lakini kisa cha Big Star kina mambo yanayoshikika: nani alikuwa na lori, nani alikuwa na ghala, nani alisaini nini na lini. Nikaanza kumweleza, na maelezo yakatuchukua mpaka magharibi. Haya ndiyo hayo, nimeyapanga vizuri kidogo kuliko nilivyoyasema siku ile.

Kwanza lugha yenyewe. Neno "kutoka" katika Kiswahili cha muziki linabeba mambo mawili. Msanii akisema wimbo wake umetoka, maana yake umekamilika studio na sasa ni wa watu. Tukisema fulani ametoka, tunamaanisha amefanikiwa, jina limevuka mtaa. Kwa kuwa neno ni moja, tunadhani na jambo ni moja: wimbo mzuri ukitoka, mwenyewe atatoka. Baina ya kutoka huku na kule kuna njia ndefu, na Big Star walifia njiani.

Vijana wa Memphis

Memphis ni mji wa jimbo la Tennessee, kwenye ukingo wa mto Mississippi. Ukiutaja kwa mpenzi wa muziki atakwambia soul, muziki wa Wamarekani Weusi: Otis Redding, Isaac Hayes, kampuni ya Stax. Ndani ya mji huo, mwaka 1971, vijana wanne wa Kizungu walikuwa wakijifungia usiku katika studio iitwayo Ardent, ya bwana mmoja John Fry, aliyewafundisha kutumia mitambo na kuwaachia funguo. Chris Bell na Alex Chilton walikuwa wakitunga, kuimba na kupiga gitaa. Andy Hummel alishika besi. Jody Stephens alikuwa kwenye ngoma. Jina walilichukua kwenye duka la vyakula lililokuwa karibu na studio. Yaani "Nyota Kubwa" ilikuwa bango la duka la mkate na maziwa.

Chilton hakuwa mgeni wa mambo haya. Mwaka 1967, akiwa na miaka 16, aliimba wimbo wa bendi ya The Box Tops uliokwenda kukaa namba moja Marekani nzima. Alishajua kutoka ni nini, na alishajua pia kwamba mtoto anaweza kuwa namba moja na bado wakubwa ndio wakamwamulia kila kitu. Alipokutana na Bell alikuwa anataka kupiga muziki wake.

Na muziki wenyewe? Wakati ule roki ilikuwa imenenepa. Wimbo mmoja dakika 12, mpiga gitaa anazunguka peke yake hadi umsahau mwimbaji. Big Star wakarudi nyuma kwenye nyimbo fupi za dakika tatu, gitaa linalolia kama kengele, sauti mbili tatu zinazopandiana, na maneno ya kijana anayempenda mtu na hana uhakika. Leo muziki wa namna hiyo unaitwa pawapopu. Kijana wangu, ambaye amejifunza taarabu kabla ya gitaa, alisema kitu kilichonipendeza: kwamba hawa hawaharakishi kukujulisha wameumia, wanakuachia melodia ikwambie. Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Santuri ya kwanza ilitoka mwaka 1972. Waliipa jina la kujitabiria, kwa maana ya "Santuri Namba Moja". Bendi Nyota Kubwa, santuri Namba Moja: kwetu bibi angewaambia wanajitia jicho wenyewe. Magazeti ya muziki yaliisifu sana. Mhakiki wa *Billboard* aliona kila wimbo ndani yake ungefaa kutolewa peke yake na kupigwa redioni.

Zikauzwa santuri zisizofika 10,000. Katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 200.

Lori ni la nani?

Hapa ndipo penye fundo, na hapa ndipo nilipomwambia kijana anipe kalamu.

Mwaka 1972 wimbo ulikuwa kitu cha kushika mkononi: sahani ya plastiki ndani ya jalada la karatasi. Ardent ilirekodi. Lakini Ardent ilikuwa studio yenye lebo ndogo, haina mtu wa mauzo Chicago wala Boston. Kupeleka sahani madukani ilikuwa kazi ya Stax. Stax nayo haikuwa na malori yake. Ilitumia wasambazaji huru, kila mji na wake, wanaochukua mzigo kwa mkopo, wanaupeleka madukani, na usiponunuliwa wanaurudisha. Msambazaji wa namna hiyo humlipa haraka mwenye wimbo unaovuma, kwa sababu anautaka na unaofuata. Asiyejulikana anasubiri. Na Stax ilijulikana kwa soul: watu wake walikuwa mabingwa wa redio za Weusi na maduka ya mitaa ya Weusi. Ukimpa mtu huyo vijana wanne wa Kizungu wenye nywele ndefu na gitaa za kulia, ataupokea mzigo kwa heshima, lakini mlango wa kwenda kugonga haujui.

Tatizo la kwanza, basi, si ubaya wa mtu. Mzigo ulipewa mchukuzi asiyejua njia.

Kuna jambo la muda pia. Redio ikiupiga wimbo wiki hii, msikilizaji anakwenda dukani wiki hii. Asipoikuta sahani hataandika barua kuiulizia, atanunua nyingine. Santuri inayofika wiki sita baadaye ni sawa na kanga za sikukuu kushushwa bandarini Idi imekwisha: kanga ni zilezile, maandishi ni yaleyale, na hakuna anayezigusa. Ndivyo ilivyokuwa katika miji kadhaa. Mtu alisikia, akaenda, akarudi mikono mitupu.

Utauliza kama nilivyoulizwa: sasa magazeti yaliisikiaje? Jibu lake ni dogo lakini linafungua mengi. Wahakiki hawanunui dukani. Nakala zao zinatumwa moja kwa moja kwa posta kutoka kwenye kampuni, bila kupita kwa msambazaji. Kwa hiyo sifa na mzigo vilikuwa vinapita njia mbili tofauti, na njia ya sifa ilikuwa wazi. Ndiyo maana unaweza kuwa na bendi inayosifiwa na kila anayejua, na isiyopatikana na kila anayetaka.

Kisha likaja tatizo la pili, na hili ndilo lililoua.

Mwaka huohuo wa 1972 Stax ilisaini mkataba mkubwa na Columbia, kampuni ya CBS, ili CBS isambaze muziki wake wote. Ukiusoma juujuu ulikuwa mkataba wa neema: CBS walikuwa na maghala, matawi na watu wa mauzo nchi nzima, na walitaka kuingia soko la wanunuzi Weusi ambalo Stax ilikuwa ikilijua. Stax ilishaumwa na nyoka mara moja. Mwaka 1968, ilipoachana na Atlantic, kampuni iliyokuwa ikiisambazia muziki wake kabla, iligundua kwamba mkataba wa zamani uliwapa Atlantic umiliki wa rekodi zake zilizokwisha kutoka. Na bado ikaweka tena mkono ndani ya shimo.

Mkataba ulipoanza kazi, CBS hawakuwa na haja na wale wasambazaji huru. Wakawaweka kando. Hata zile santuri chache za Big Star zilizokuwa zimebahatika kufika madukani zikaondolewa, na mzigo mpya haukuja kujaza nafasi. Fikiria: una bidhaa kidogo sokoni, halafu anakuja tajiri, anasema atakuuzia zaidi, na hatua yake ya kwanza ni kuiondoa hiyo kidogo.

Kijana hakuelewa mpaka nilipomtajia karafuu. Yeye amekulia mjini, lakini msimu wa karafuu alikuwa akipelekwa Pemba kwa babu yake, kwetu Wete, na ameshachambua makonyo mpaka vidole vikawa vyeusi. Anajua kwamba karafuu ya Zanzibar ina mnunuzi mmoja wa halali, Shirika la Biashara la Taifa, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mkulima anachuma, anawalipa wachumaji kwa pishi, anaanika, anaomba Mungu mvua isinyeshe, anatia kwenye gunia, anapeleka kituoni kwenye mizani. Ubora wa karafuu ni jasho lake. Bei na mlango si vyake.

Lakini mfano huu nao una mwisho wake, na sipendi mifano inayovutwa mpaka ikatike. Mnunuzi mmoja wa karafuu ukimpelekea gunia lililokauka vizuri atalinunua. Ugomvi wa wakulima kwa miaka mingi ulikuwa juu ya bei. CBS hawakulazimika kununua chochote. Walikuwa na haki ya peke yao ya kusambaza bila wajibu wa kusambaza, na hapo ndipo penye sumu. Stax haikuruhusiwa kwenda kwa mwingine, na CBS hawakuwa na haraka. Gunia limeachwa getini, na mwenye gunia haruhusiwi kulibeba kulipeleka kwingine.

Mei 1973 mkuu wa Columbia aliyekuwa ameutaka mkataba ule, Clive Davis, alifukuzwa kazi. Waliobaki hawakuwa na mapenzi nao. Stax yenyewe, kampuni iliyowahi kuitikisa dunia, ilikokotwa mpaka ikatangazwa muflisi Desemba 1975. Big Star walikuwa kama ngalawa iliyofungwa nyuma ya jahazi linalozama. Hakuna aliyekaa kikao akasema tuwaue vijana hawa. Pengine huko CBS hakuna aliyewakumbuka hata jina.

Waliovunjika na waliobaki

Bell hakuweza kulibeba. Aliyaweka maisha yake yote katika santuri ile, akajitoa kwenye bendi kabla mwaka 1972 haujaisha. Baadaye alikuwa akifanya kazi katika biashara ya mkahawa wa baba yake, anarekodi nyimbo zake pembeni. Alitoa santuri ndogo moja peke yake mwaka 1978. Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo alikufa kwa ajali ya gari, ana miaka 27.

Waliobaki watatu waliamini wamekwisha. Kisha Mei 1973 Ardent wakawaalika Memphis waandishi wa muziki zaidi ya mia moja, na Big Star wakapiga mbele yao. Waandishi wakasimama na kucheza, jambo ambalo mwandishi wa muziki halifanyi kirahisi. Bendi ikapata moyo, ikarekodi santuri ya pili, ikatoka Februari 1974. Nzuri, pengine nzuri kuliko ya kwanza, imelegezwa kidogo, kama mtu aliyeacha kujipanga mbele ya kioo. Ndani yake umo "September Gurls", ambao wapenzi wa muziki huu wanauhesabu miongoni mwa nyimbo bora kabisa za aina yake. Sifa zikaja tena kwa posta. Santuri ikakwama tena ghalani.

Sasa tazama mwezi uleule wa Februari 1974, ng'ambo ya bahari. Queen hawakuwa watu wakubwa bado. Santuri yao ya kwanza ya mwaka 1973 haikuwa imetikisa. Kipindi cha televisheni cha BBC kilichokuwa kikitazamwa Uingereza nzima kilipungukiwa, kwa sababu filamu fupi ya David Bowie haikupatikana. Queen wakaitwa kuziba pengo, wakapiga "Seven Seas of Rhye". Hiyo ni bahati, tena ya mtende. Lakini siku chache tu baada ya kipindi, wimbo ule ulikuwa madukani, kwa sababu kampuni ya EMI ilikuwa na viwanda, malori na nia ya kuharakisha. Ukaingia kumi bora. Bahati ilibisha hodi na nyumbani palikuwa na mtu wa kufungua. Big Star walibishiwa hodi mara mbili, ya pili wakiwa na waandishi zaidi ya mia ukumbini, na aliyekuwa na ufunguo wa ghala hakuwapo.

Simwambii mtu kwamba Big Star walikuwa na mwimbaji kama Freddie. Hawakuwa naye. Na lazima niseme mengine ambayo mashabiki wao hawapendi kuyasikia. Walipiga maonyesho machache mno. Jukwaani hawakuwa na mbwembwe. Chilton alikuwa mtu wa kuigeuza meli ghafla akiona inakwenda vizuri. Nyimbo zao zilikuwa fupi kwa redio za FM zilizokuwa zinapenda mambo marefu, na nyeti kwa redio zilizotaka nyimbo za kurukaruka. Huenda hata wangekuwa na malori yote ya CBS wasingekuwa wakubwa wa kujaza viwanja.

Kuna tofauti, hata hivyo, baina ya kususiwa na kutofikishwa. Bidhaa ikipangwa dukani na watu wakaipita, soko limesema. Bidhaa isipofika dukani, soko halijaulizwa. Wanaosema "zingekuwa nzuri zingeuzika tu" wanachukua kimya cha mtu ambaye hajaulizwa wanakifanya jibu.

Sisi Wazanzibari tulipaswa kulijua hili zamani, kwa sababu tuna mfano wa upande wa pili. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, wa ukoo wa wafinyanzi, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na kampuni ya HMV. Sahani zake ziliuzwa makumi ya maelfu, zikasikika katika migahawa ya kahawa ya mwambao wote. Sauti ya Siti haina mshindani, lakini sauti hiyohiyo miaka ya kabla ya 1928 ilikuwa ikijulikana Unguja tu. Kilichoongezeka ni meli na mawakala wa mtu aliyekuwa na haja: HMV walitaka kuuza gramafoni Afrika Mashariki, na gramafoni bila sauti ya Kiswahili lilikuwa sanduku tu. Maslahi ya mwenye meli na ya mwimbaji yalikwenda njia moja. Kwa Big Star mwenye lori alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa.

Santuri ya tatu walianza kuirekodi mwaka 1974, Chilton na Stephens tu wakiwa wamebaki, pamoja na mtayarishaji Jim Dickinson. Ni muziki wa nyumba inayobomoka huku mtu amekaa ndani. Ulipotembezwa kwenye makampuni, wote waliurudisha. Ulitolewa mwaka 1978, bendi imeshakufa. Siwezi kuusikiliza mchana.

Wimbo si dagaa

Karafuu ya Pemba ilipobanwa kwa bei, ilitafuta njia. Ukiwa Wete, Shimoni ya Kenya iko karibu kuliko Mji Mkongwe. Mashua usiku, magunia chini, turubai juu. Yalikuwa magendo na adhabu yake ilikuwa kali, wala siyasifu, na bei ya mkulima ilipopandishwa sana mwaka 2011 yakapungua. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba bidhaa nzuri iliyofungiwa mlango haikai kimya.

Nyimbo za Big Star nazo zilivuja. Santuri zilizokwama ziliuzwa kwa bei ya kutupa kwenye makapu ya mabaki, na wanafunzi wasio na fedha ndio wanaopekua makapu hayo. Wahakiki wale wa nakala za posta hawakunyamaza. Mtu alimrekodia mwenzake kaseti, mwenzake akamrekodia mwingine. Mwaka 1978 santuri mbili za mwanzo zikatolewa upya Uingereza zikiwa pamoja. Na wengi waliozipata walikuwa wapiga gitaa. Bendi ya R.E.M. wamewataja mara kwa mara. The Replacements wakaimba wimbo mzima wenye jina la Alex Chilton mwaka 1987. The Bangles wakaurudia "September Gurls" kwenye santuri yao ya mwaka 1986 iliyouzwa mamilioni. Mwaka 2003 gazeti la *Rolling Stone* lilipoorodhesha santuri 500 bora za wakati wote, zote tatu za Big Star zilikuwamo.

Wakati hayo yakianza kuchipua, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Chilton alikuwa New Orleans anaosha vyombo mkahawani. Sifa ilikuwa imeshaanza kusafiri; hundi haikuwa imeanza. Wimbo mmoja alioutunga na Bell ulikuja kutumiwa, kwa sauti za watu wengine, kufungulia tamthilia ya televisheni ya Marekani kuanzia mwaka 1998. Mmoja wa watunzi wake alikuwa kaburini karibu miaka 20. Mwaka 1993 Chilton na Stephens waliirudisha bendi pamoja na vijana wawili wa bendi ya The Posies, wakaendelea kupiga mara moja moja mpaka tarehe 17 Machi 2010, Chilton alipofariki, siku tatu kabla ya onyesho. Hummel akafuata Julai mwaka huohuo. Amebaki mpiga ngoma.

Hapo nilipofika ndipo nilipogundua kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimemwambia kijana kwamba wimbo ni kama dagaa: usipouzwa siku ileile umeoza. Ndivyo makampuni yalivyoutazama, na mipango yao yote ilijengwa juu ya haraka hiyo. Kumbe wimbo ni karafuu. Ukikaushwa vizuri unakaa, na harufu yake bado imo. Dagaa alikuwa ni maisha ya waliotunga. Hayo ndiyo yasiyosubiri miaka 20.

"Siku hizi lakini hakuna lori, ami," akaniambia. Kweli. Wimbo wake anaupakia kwenye intaneti asubuhi, jioni upo Memphis. Nikamuuliza umesikilizwa na wangapi Memphis, akacheka. Mlango wa kuingia ghalani umeondolewa, kila mtu anaingia, na ghala limejaa mpaka dari. Mwenye kuamua sasa ni anayeipanga orodha ya nyimbo inayojitokeza kwenye simu ya msikilizaji, na huyo nusu yake ni mashine. Zamani wimbo ulitoka na haukufika. Sasa unafika na hauonekani. Lipi baya zaidi, tulibishana, hatukumaliza.

Wiki kama tatu baadaye aliniambia ameutia "September Gurls" kwenye orodha yake ya hotelini, katikati ya nyimbo mbili za Queen, hatangazi kitu. Nikamuuliza wageni wamesemaje. Akasema wageni hakuna aliyeuliza ni wa nani. Mhudumu wa kaunta ndiye aliyeuliza, akidhani ni wimbo wake yeye kijana.

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia, ami. Kasema hawajui."